Robo ya Kidonge

Wembe ni uleule nikatiao nyuzi.
Naweka kidonge juu ya kisahani,
nabana pumzi, nabinya —
kipande kinaruka, kinaingia chini ya kabati,
nami nagaagaa sakafuni na tochi ya simu
nikitafuta utulivu wangu
usiozidi punje ya mchele.

Daktari Shaame, pale hospitali ya Wete,
alinichorea ngazi kwenye karatasi:
nzima, nusu, robo, na kila kidato wiki zake.
"Usiache kwa pupa, Mize. Dawa hii huagwa, haitorokwi."
Nikacheka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu kakaa kwangu miaka mitatu,
na tuseme kweli, jembe alilishika yeye.
Mimi nilikuwa nimelala.

Nusu ilipita salama.
Robo ndiyo iliyonikamata.
Nikigeuza macho upesi, kichwani kunapiga chwe!
kama swichi ya jikoni iliyoingia unyevu.
Usiku ndoto zina rangi za kuumiza.
Mchana naliliwa na tangazo la sabuni redioni;
naam, tangazo linanililia, nami nalijibu.

Kisha ikaja hali yenyewe.
Si huzuni. Huzuni ina jina la mtu, au la siku.
Hii ni ile mbingu iliyoshuka usawa wa bati,
karafuu za jirani zimeanuliwa mbio mbio,
majamvi yamekunjwa,
na tone halidondoki, na jua halitoki,
na mtu unangoja tu, mikono mapajani.

Mama alisema, swali, mwanangu.
Naswali, mama.
Soma basi na Yasini.
Nasoma.
Basi?
Basi nasoma, na moyo bado mzito.
Hakujibu. Akachukua chungwa,
akalimenya ganda moja refu bila kukatika,
akaniwekea mkononi, akakaa.
Sikulila hadi magharibi. Naye hakuondoka.

Nimejitungia sheria ndogo, hata kuzitaja ni aibu:
uso uoshwe kabla ya saa moja;
kitanda kisiguswe mchana, hata kikiniita kwa jina;
vitobo kumi vya kofia, vizungushiwe uzi, ndipo chai.
Juzi sikufika kumi. Nilifika vitatu.
Nikaitazama bafta nyeupe, ikanitazama,
na lile ua la ubavuni limeenda upogo,
nami sikuwa na nguvu hata ya kulifumua.

Nikampigia Shaame. Nimeshindwa, nikamwambia.
"Umeshindwa nini? Rudi kwenye nusu.
Nani anayekukimbiza?"

Kurudi.
Neno hilo nililala nalo.
Bafta nayo hurudi ikiingia maji;
fundi asiyejua hukata kwanza, hushona, hufua,
na kofia ikagoma kuingia kichwani.
Anayejua huiloweka, huiacha irudi itakavyo,
ndipo ashike mkasi.
Miaka ishirini nashona kofia za watu
na kichwa changu sikuwahi kukiloweka.

Alfajiri nikameza nusu, sikumwambia mtu.
Kisha nikamwambia mama.

Sasa ni wiki ya tatu. Mbingu haijapanda sana.
Cheche zinakuja, moja moja, zikipotea njia.
Jana jirani alitandika majamvi upya,
nikatoka kumsaidia kusambaza karafuu,
dakika ishirini hivi, harufu ikanikaa vidoleni
mpaka kwenye sindano.
Lile ua nimelifumua. Nyuzi zake nimezihifadhi,
sijui kwa nini.

Robo iko pale kisahanini, nimeifunikia kikombe.
Itangoja.

Jioni mama huchungulia mlangoni.
Haulizi moyo, haulizi dawa.
"Vingapi leo?"
"Saba."
"Saba si haba," akasema,
akazoa maganda ya chungwa, akaenda zake.